Bandu Bandu Huisha Gogo: Umeme wa Haidrojeni na Funzo la Kola

Leo nataka tuongee juu ya umeme, na hasa umeme wa aina ambayo wengi wetu tumeisikia kwa mbali tu: umeme unaotokana na gesi ya haidrojeni. Lakini sitaanzia maabara wala kiwandani. Nataka tuanzie Kola, hapa Machakos, Kenya, kusini mwa mji, kwenye njia ya kwenda Wote. Na tuanzie mtoni.

Wanaoijua Kola wanaijua mito yake ya msimu. Mvua ikinyesha vilimani, mto huja kwa kishindo, maji mekundu kama uji wa wimbi, na baada ya saa chache umepita. Maji hayo yamekwenda zake mto Athi, na kutoka Athi hadi baharini karibu na Malindi. Wiki chache baadaye mama wa Kola anatafuta ndoo moja ya maji ya kupikia. Sasa niwaulize: je, tatizo lilikuwa mvua? Hapana. Mvua ilinyesha. Tatizo ni kwamba ilipita.

Mwaka 1978 Joshua Mukusya na majirani zake walianzisha kundi la Utooni hapo Kola. Kazi iliyolipa kundi hilo jina ni kujenga mabwawa ya mchanga. Wanakata mto wa msimu kwa ukuta wa mawe na saruji uliokita kwenye mwamba. Mafuriko yakija, mchanga unatuama nyuma ya ukuta, na katikati ya chembe za mchanga ule maji yanajificha, jua lisiyafikie. Mchanga mzuri wa chengachenga, ukichota ndoo kumi, maji yaliyomo yanaweza kufika hata ndoo nne. Kiangazi kikishika, unafukua mchanga kwa mikono, unangoja kidogo, na maji yanachuruzika polepole hadi shimo linajaa. Unachota kwa kata, unajaza ndoo, unakwenda nyumbani.

Wasikilizaji, Kola haikuongezewa hata tone moja la mvua. Kilichobadilika ni kwamba watu waliziba pale maji yalipokuwa yakitorokea. Shikeni neno hilo, maana ndilo mazungumzo yangu yote ya leo: kabla ya kutafuta zaidi, ziba panapovuja. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wakasema pia bandu bandu huisha gogo. Methali hizo mbili zinatosha kumweleza mtu yeyote ufanisi wa mtambo wa umeme ni nini.

Haya, tuingie kwenye mada. Umeme wa haidrojeni ni kitu gani?

Wanafunzi wa kemia wanalijua jaribio la kupitisha umeme ndani ya maji. Vijipovu hupanda pande mbili. Upande mmoja ni oksijeni, upande mwingine ni haidrojeni, na haidrojeni huwa maradufu ya oksijeni. Umeme umeyapasua maji. Sasa geuza jaribio hilo kinyumenyume. Rudisha haidrojeni na oksijeni pamoja kwa utaratibu, nawe utapata maji, na pamoja na maji utapata umeme. Aliyelionyesha jambo hilo ni William Grove, mwanasheria na mwanasayansi kutoka Wales, mwaka 1839. Kifaa cha kufanya kazi hiyo tukiite seli ya haidrojeni.

Ndani ya seli hiyo hakuna moto. Katikati pana utando mwembamba kama karatasi ya nailoni, na kwenye utando huo pamepakwa chembe ndogo sana za platini. Haidrojeni inaingia upande mmoja, hewa upande wa pili. Ikigusa platini, haidrojeni inaachana na elektroni zake. Kiini cha haidrojeni kinapenya utando. Elektroni zinakatazwa kupenya, kwa hiyo zinazunguka nje kwa njia ya waya ili zikutane na wenzao ng'ambo ya pili. Huko kuzunguka kwa elektroni ndiko umeme unaowasha taa yako. Wanaanga wa Marekani waliosafiri hadi mwezini kwa vyombo vya Apollo walipata umeme wao kwa seli za haidrojeni, ingawa za aina nyingine, na maji yaliyotoka ndani yake wakayanywa.

Sasa linganisheni na injini. Umewahi kusimama karibu na mashine ya posho ya dizeli? Pembeni pana pipa la maji ya kupozea injini. Sogeza kiganja kwenye pipa hilo, utahisi joto lake kabla hujaligusa. Tazama bomba la moshi linavyotetemeka, sikia mlio unaofika ng'ambo ya bonde. Joto lile, moshi ule na mlio ule, vyote vilinunuliwa kwa shilingi kituo cha mafuta. Katika kila lita tatu za dizeli, ni takriban lita moja tu inayozungusha jiwe la kusagia. Mbili zimepotea hewani. Seli ya haidrojeni inafanya vizuri kuliko hapo: katika kila sehemu 100 za nguvu zilizomo kwenye gesi, sehemu kati ya 40 na 60 zinatoka zikiwa umeme.

Lakini ngojeni, tusishangilie mapema. Ikiwa 60 zinatoka, 40 zimekwenda wapi? Na zikitoka 40, je, 60 ziko wapi? Hapo ndipo wahandisi wanapokesha. Nami nataka niwapitishe kwenye mianya mitatu ambamo nguvu hutorokea. Iwekeni akilini: ndani ya seli, kando ya seli, na nje ya seli. Nitarudia: ndani, kando, na nje.

Tuanze na mwanya wa kwanza, ndani ya seli.

Kwa hesabu za kemia, seli moja ingeweza kutoa volti 1.23. Ikianza kufanya kazi, inatoa kama volti 0.6 au 0.7 hivi. Hiyo ni chini ya nusu ya volti za betri moja ya tochi, ndiyo maana seli hupangwa nyingi pamoja, moja juu ya nyingine kama sahani kabatini. Volti zilizopotea zimegeuka joto. Zimepotea kwa sababu tatu. Kwanza, oksijeni ni nzito kuamka, inahitaji kichocheo kizuri. Pili, utando na vyuma vina ukinzani, kama barabara ya mashimo inavyompunguzia dereva mwendo. Tatu, ukidai umeme mwingi kwa mara moja, hewa na gesi haziwahi kufika mahali pa kazi.

Dawa yake ni nini? Kusambaza platini katika chembe ndogo zaidi ili kila chembe ifanye kazi. Kupunguza unene wa utando. Na kulinda unyevu. Hili la unyevu watu wa Machakos wanaofyatua matofali watalielewa haraka. Udongo ukikauka mno, tofali linapasuka; ukilowa mno, linabomoka. Utando wa seli nao uko hivyo hivyo. Ukikauka, haupitishi viini vya haidrojeni na nguvu inashuka. Ukijaa maji, hewa inakosa njia. Katika hewa kavu ya kwetu hapa Ukambani, mtambo mzuri ni ule unaochukua mvuke wake wenyewe unaotoka na kuurudisha kulainisha hewa inayoingia.

Kuna siri nyingine ndani ya seli, nayo ni hii: seli haipendi kukamuliwa. Kadiri unavyodai umeme mwingi kutoka kwenye seli moja, ndivyo volti zinavyoshuka na gesi inavyopotea. Jenereta ya dizeli ni kinyume. Jenereta kubwa ukiipa kazi ya taa mbili na redio, inakunywa mafuta kana kwamba inaendesha kinu. Seli ukiipa kazi ya wastani, isiyopandapanda, hapo ndipo inapokupa faida. Kwa hiyo fundi mwerevu huiunganisha na betri. Betri inabeba ile dakika ngumu, pampu inapowaka au mashine inaposhtuka, na seli inaendelea taratibu usiku kucha. Punda na ng'ombe kila mmoja amepewa mzigo wake.

Tumemaliza la kwanza. Twende mwanya wa pili: kando ya seli.

Seli haiishi peke yake. Inahitaji feni au kompresa ya kuisukumia hewa, pampu ya kuipoza, vali za gesi, na kompyuta ndogo ya kuichunga. Vyote hivyo vinakula umeme, na vinakula kwanza kabla yako. Kompresa ya hewa ndiyo mlaji mkuu. Na hapa mahali petu panahusika moja kwa moja. Mji wa Machakos uko kwenye mwinuko wa mita 1,600 hivi, na vilima vya upande wa Kola navyo haviko chini. Kwenye mwinuko huo hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu 15 katika 100. Oksijeni katika kila pumzi ni kidogo, na seli inapumua kama sisi tunavyopumua. Mtambo uliopimwa pwani ya bahari ukiuleta vilimani, kompresa italazimika kufanya kazi zaidi, na umeme unaobaki kwa ajili yako utapungua. Kwa hiyo mtu akikuonyesha karatasi ya vipimo vya kiwandani, mwulize: vilipimwa wapi? Kwenye joto gani, na kwenye mwinuko gani?

Kisha kuna vumbi. Kuanzia Julai hadi mvua za Oktoba, vumbi jekundu linaingia hata kwenye sanduku lililofungwa. Chujio likiziba, feni inahema, na umeme unaliwa. Moshi wa magari ya dizeli nao una salfa, na salfa hushika kwenye platini kama kutu, ikaizuia kufanya kazi. Chujio la bei ndogo, linalosafishwa kwa wakati, linaweza kulinda kifaa cha bei kubwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Jambo jingine la kando ya seli ni kugeuzageuza umeme. Seli hutoa umeme wa mkondo mmoja, kama betri. Tunaupitisha kwenye inveta ugeuke wa ukutani, halafu chaja ya simu inaugeuza tena uwe kama ulivyokuwa mwanzo. Kila ugeuzaji una ushuru wake. Minara ya simu kwa kawaida hutumia mkondo mmoja wa volti 48. Taa za kisasa, redio na simu nazo ndani yake zinatumia mkondo mmoja. Ukiweza kuupeleka moja kwa moja bila kuugeuza, umeokoa sehemu kadhaa katika kila 100 bila kununua kifaa kipya.

Na gesi yenyewe? Haidrojeni yote inayoingia haitumiki kwa mkupuo mmoja. Nyingine inatoka upande wa pili ikiwa nzima. Ukiiachia hewani, umemwaga fedha. Mitambo bora huirudisha mwanzo izunguke tena.

Sasa mwanya wa tatu, na huu ndio mkubwa kuliko yote: nje ya seli.

Haidrojeni haichimbwi kisimani kwetu. Lazima itengenezwe. Tuseme tuna paneli za sola na tunapasua maji. Kutengeneza kilo moja ya haidrojeni kunahitaji zaidi ya yuniti 50 za umeme, zile zile yuniti unazonunua kwa tokeni. Kilo hiyo ikipita kwenye seli, inakurudishia yuniti 16 au 17 hivi. Nitarudia polepole. Umeweka zaidi ya 50, umepata kama 17. Theluthi moja. Betri ya lithiamu ukiiwekea 100, inakurudishia karibu 90.

Je, hiyo maana yake haidrojeni haifai? Sivyo. Maana yake ni kwamba kila chombo kina kazi yake. Jua likiwa utosini, pampu ya maji ya sola ifanye kazi moja kwa moja, wala usihifadhi chochote. Taa za usiku mmoja, tumia betri. Lakini mawingu ya Novemba yakitanda siku nyingi mfululizo, au mnara wa simu ukiwa mahali ambapo lori la dizeli linakwama, hapo betri itahitaji kuwa kubwa kupita kiasi, na gesi iliyowekwa kwenye tangi inaweza kungoja wiki na miezi bila kupungua nguvu. Haidrojeni ni ghala la nafaka. Hutaki kwenda ghalani kila unapotaka kikombe cha unga, lakini mwaka wa njaa ghala ndilo linaloiokoa nyumba.

Hapa Kenya wazo hilo limekwisha kufika hadi kwenye mkataba wa kibiashara. Mwaka 2018 kampuni ya GenCell ya Israel ilitangaza mkataba na Adrian Kenya wa mitambo 800 kwa ajili ya minara ya simu isiyo na stima. Mtambo wao hautegemei mitungi ya haidrojeni. Unatumia amonia, ambayo husafirishwa kwa urahisi zaidi, kisha huipasua pale pale ipate haidrojeni. Kampuni hiyo ilisema tangi moja la tani 12 linaweza kuulisha mnara mwaka mzima. Fikirieni safari za lori la dizeli zinazookolewa mwaka mzima. Hizo safari nazo ni mafuta, na mafuta hayo hayaonekani kwenye hesabu ya jenereta.

Serikali nayo ilizindua mkakati wa haidrojeni ya kijani Septemba 2023, wakati wa mkutano wa Afrika wa tabianchi uliofanyika Nairobi, na mbolea itokanayo na haidrojeni ikapewa nafasi ya mbele. Tunayo sababu ya kuifikiria haidrojeni. Mvuke wa ardhini unaozalisha stima huko Olkaria hauzimwi usiku kama taa. Usiku wa manane watu wakilala, mahitaji ya stima yanashuka na mvuke mwingine unaachiliwa tu. Huo ni mto wa msimu unaopita bila ukuta! Tukiutumia kupasua maji, tumejenga bwawa la mchanga la umeme.

Lakini twendeni kwa uaminifu. Katika stima yetu ya taifa, zaidi ya sehemu 20 katika kila 100 zinazoingia kwenye nyaya hazifiki kulipiwa. Zinapotelea njiani kwa nyaya dhaifu, transfoma zilizochoka na wizi. Ufa huo uko wazi leo, na kuuziba hakuhitaji teknolojia mpya.

Bado niko kwenye mwanya wa tatu, nje ya seli. Tumezungumzia gesi inayoingia. Je, vinavyotoka? Vinatoka vitatu: umeme, joto na maji. Anayetumia umeme peke yake ametupa vingine viwili. Huko Japani, tangu mwaka 2009, wameuza mitambo midogo ya nyumbani iitwayo Ene-Farm, inayotoa umeme na papo hapo kupasha maji ya kuoga. Ukijumlisha umeme na joto, zaidi ya sehemu 80 katika 100 za nguvu za gesi zinatumika. Seli ni ile ile. Aliyebadilika ni mtumiaji.

Sasa ilete picha hiyo Kola. Zahanati ya kijijini inahitaji friji ya chanjo isizimike, taa mama anapojifungua usiku, na maji ya moto ya kumwogesha mama na kusafisha chumba. Seli ya aina ya utando hufanya kazi kwenye joto la nyuzi 60 hadi 80 hivi. Joto hilo linatosha kabisa kupasha maji ya kuoga na ya kufulia. Mahali ambapo kuni zinatafutwa kwa miguu, lita za maji ya moto ni utajiri.

Na maji? Kwa kemia, kila kilo ya haidrojeni hula lita 9 za maji wakati wa kutengenezwa, na hutoa lita hizo hizo 9 inapotumika kwenye seli. Ukambani hatuna maji ya kuchezea. Mtambo wowote wa kupasua maji utakaoletwa kwetu lazima uanze na swali la maji: yanatoka wapi, na nani atakosa? Unaokusanya maji yake na kuyarudisha tangini unastahili kupokelewa. Unaoyaachia mvuke upae hewani, wenyeji wana haki ya kuuhoji.

Basi tukusanye tuliyosema, maana muda unakimbia. Mianya ni mitatu. Ndani ya seli: kichocheo, utando, unyevu, na kutoikamua kupita kiasi. Kando ya seli: kompresa, vumbi, mwinuko wetu, na kugeuzageuza umeme. Nje ya seli: gesi imetengenezwaje, na joto na maji vimekwenda wapi. Kuziba mwanya mmoja tu hakutaondoa hasara yote. Ukiokoa sehemu tatu hapa, nne pale, tano kule, mtambo uliokuwa ukikupa 40 unaanza kukupa 50, na joto likitumika unazidi hapo. Haba na haba hujaza kibaba.

Watu wa Kola walilijua jambo hili kwa majembe. Ukuta wa bwawa peke yake haukutosha. Walikusanyika katika mwethya, yaani kazi ya ujima, wakachimba matuta kwenye miteremko ili udongo usishuke na matope, maana matope yakijaa bwawani badala ya mchanga, maji hayachoteki. Ndani ya ukuta, kando ya mto, na juu mlimani: walitunza vyote vitatu. Mhandisi wa umeme anayetaka kujifunza ufanisi na apande gari aende akaone.

Nawaomba ninyi vijana mlioko vyuo vya ufundi: msingoje kufundishwa seli za haidrojeni na mtu wa mbali ilhali miinuko, vumbi na joto la kwetu mnavijua ninyi. Pimeni, andikeni, rekebisheni. Nanyi viongozi wa vijiji na wa kaunti, siku itafika mtu aje kwenu na mtambo unaong'aa, uwe wa sola, wa dizeli au wa haidrojeni. Msiulize kwanza bei yake. Mwulizeni hivi: katika kila 100 zinazoingia, ngapi zitatufikia hapa Kola, na zinazopotea zinapotelea wapi? Akiwajibu kwa namba na kuwaonyesha, kaeni naye mzungumze. Akishindwa, msitie sahihi.